Namna ya Kufuatilia Asili ya Elementi Nzito, Isotopi kwa Isotopi

Mtu akiuliza dhahabu, bati au urani ilitoka wapi, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba vyote vilifuliwa ndani ya nyota zilizolipuka. Jibu hilo si uongo, lakini ni pana mno hata halimsaidii kuona tofauti iliyopo kati ya bati na dhahabu. Sehemu kubwa ya bati iliundwa polepole ndani ya nyota zilizokuwa bado zinawaka. Chuma kingi kilizaliwa kikiwa nikeli na kikageuka baadaye. Dhahabu, karibu yote, ilihitaji mafuriko ya nyutroni ambayo supanova ya kawaida (nyota inayolipuka) haionekani kuwa na uwezo wa kuyatoa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchukua elementi yoyote iliyo nzito kuliko kaboni, kuisoma katika jedwali la isotopi, na kufikia uamuzi wenye hoja kuhusu mchakato ulioiunda. Hesabu zake hazizidi kujumlisha, kutoa, kugawanya na kukokotoa vipeo vya mbili. Kinachodaiwa zaidi ni uvumilivu wa kufuata njia bila kuruka hatua.

Ushauri mkuu, ambao yote yanayofuata yanautegemea, ni kutouliza asili ya elementi bali asili ya kila isotopi yake, yaani kila aina yake yenye idadi tofauti ya nyutroni. Elementi hutambulishwa na idadi ya protoni zake, na idadi hiyo ndiyo inayoamua tabia zake za kikemia. Katika joto la ndani ya nyota, hata hivyo, kemia haina nafasi: kinachoamua mambo ni idadi ya protoni na ya nyutroni kwa pamoja, na isotopi mbili za elementi moja zaweza kuwa na historia zisizohusiana hata kidogo.

Unachohitaji mezani

Mfumo radidia unaofundishwa shuleni hautoshi, kwa sababu unaficha nyutroni. Tafuta jedwali la isotopi, yaani mchoro wenye idadi ya nyutroni kwenye mstari wa ulalo na idadi ya protoni kwenye mstari wa wima, ambamo kila kisanduku ni kiini kimoja cha atomu. Kituo cha Taifa cha Data za Nyuklia kilichopo Brookhaven, Marekani, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lenye makao yake Vienna, hutoa majedwali ya aina hiyo bure kwenye intaneti. Katika kila kisanduku utasoma mambo matatu: kama kiini ni thabiti au la, kama ni thabiti basi kinachukua asilimia ngapi ya elementi hiyo katika maumbile, na kama si thabiti basi nusumaisha yake ni kiasi gani, yaani muda ambao nusu ya viini vyake hubadilika kuwa kitu kingine.

Zoea pia kutazama jedwali hilo kwa mshazari. Viini vyote vyenye jumla moja ya protoni na nyutroni, yaani namba masi moja, hujipanga kwenye mstari mmoja wa mshazari. Nyutroni inapogeuka kuwa protoni na kutoa elektroni, mabadiliko yaitwayo mbunguo wa beta, kiini husogea hatua moja kwenye mshazari huohuo bila kubadili namba masi. Karibu kila uamuzi utakaoufanya baadaye utategemea mstari huo.

Hatua ya kwanza: upande wa chuma

Angalia kwanza kama isotopi unayoichunguza iko chini ya kundi la chuma (chuma na jirani zake kama nikeli) au juu yake. Sababu ni nishati inayofunga kiini. Ukiigawanya nishati hiyo kwa idadi ya chembe zilizomo, heli-4 hupata MeV 7.07 (MeV ni kipimo cha nishati) kwa kila chembe, chuma-56 hupata 8.79, na urani-238 hushuka hadi 7.57. (Vitabu vingi huitaja chuma-56 kuwa kilele, kwa usahihi kilele ni nikeli-62, ingawa tofauti yao ni ndogo sana na haibadilishi hoja.) Myeyungano wa viini vyepesi, yaani kuungana kwao kuwa kiini kizito zaidi, hutoa nishati mpaka kufikia kundi hilo, na baada ya hapo hautoi tena. Aidha, kadiri protoni zinavyoongezeka ndivyo viini vinavyosukumana kwa nguvu zaidi, hivyo hata pale penye joto kali ni vigumu viini viwili vizito kukaribiana.

Kwa isotopi zilizo chini ya chuma, jaribu kugawanya namba masi kwa 4. Kiini cha heli kina chembe 4, na nyota kubwa hujenga viini vyake vya kawaida kwa kuongeza heli juu ya heli: kaboni-12, oksijeni-16, neoni-20, magnesi-24, silikoni-28, sulfuri-32, kalsi-40. Ukikuta kwamba isotopi inayotawala elementi ina namba masi inayogawanyika kwa 4, una sababu nzuri ya kushuku mnyororo huo. Silikoni-28 ni takriban asilimia 92 ya silikoni yote, na kalsi-40 ni karibu asilimia 97 ya kalsi.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Juu ya kalsi-40 viini vyenye protoni na nyutroni sawa haviwi thabiti tena, lakini mlipuko huviunda vivyo hivyo, kwa kuwa hakuna muda wa kubadilisha protoni kuwa nyutroni. Kwa hiyo tafuta mzazi. Titani-48 ina protoni 22 na nyutroni 26. Ifuate kwenye mshazari na utakuta kromi-48, yenye 24 na 24, na huyo ndiye aliyezaliwa katika mlipuko. Kromi-52 ilikuwa chuma-52. Chuma-56, isotopi inayofanya takriban asilimia 92 ya chuma yote, ilizaliwa ikiwa nikeli-56, yenye protoni 28 na nyutroni 28, ambayo ni sawa na silikoni-28 iliyoongezewa heli saba.

Mlipuko wenyewe, na namna ya kuupima

Nyota yenye masi takriban mara 25 ya Jua huchoma hidrojeni yake kwa miaka milioni 7 hivi, heli kwa miaka laki saba, kaboni kwa miaka 600, oksijeni kwa miezi sita, na silikoni kwa siku moja tu. Kasi hii ya mwisho hutokana na nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, ambazo katika joto hilo hubeba nishati na kutoka nje ya nyota bila kuzuiwa. Kitovu cha chuma kinapofikia takriban mara 1.4 ya masi ya Jua hakiwezi tena kujihimili. Huporomoka katika muda usiofika sekunde moja na kuwa nyota ya nyutroni, na wimbi la mshtuko linalofuata hupita katika tabaka za juu na kuzipasha moto upya. Sehemu ya silikoni iliyo karibu na kitovu huungua yote na kuwa nikeli-56. Tabaka za oksijeni zilizo mbali kidogo huungua nusunusu na kuacha silikoni, sulfuri na kalsi. Tabaka za nje zaidi hutupwa angani karibu kama zilivyokuwa. Oksijeni nyingi, kwa hiyo, haikuundwa na mlipuko. Mlipuko uliisambaza tu, na ni vyema kutenganisha kazi hizo mbili kila unapotoa uamuzi.

Aina ya pili ya mlipuko ni ya nyota kibete nyeupe, mabaki ya kaboni na oksijeni ya nyota ndogo, inayowaka yote kwa mkupuo baada ya kusukumwa na nyota mwenzake. Hiyo huitwa supanova ya aina ya Ia, nayo hutoa nikeli-56 takriban mara 0.6 ya masi ya Jua. Supanova ya SN 1987A, ambayo ilikuwa ya kuporomoka kwa kitovu, ilitoa takriban 0.07. Linganisha namba hizo mbili na utaona kwa nini milipuko ya aina ya Ia, ingawa hutokea mara chache zaidi, imechangia sehemu kubwa sana ya chuma, huku oksijeni na magnesi zikitoka kwa nyota kubwa.

Unaweza kuthibitisha habari ya nikeli-56 kwa kutumia mwanga peke yake. Nusumaisha ya nikeli-56 ni siku 6.1, nayo hugeuka kobalti-56, yenye nusumaisha ya siku 77.2, ambayo mwishowe hugeuka chuma-56. Ikiwa mwanga wa supanova wiki nyingi baada ya mlipuko unalishwa na kobalti, basi lazima upungue kwa mwendo wa kobalti. Gawanya 100 kwa 77.2, upate 1.295; mbili ikipandishwa kwa kipeo hicho ni 2.45. Yaani katika siku 100 mwanga unapaswa kupungua hadi sehemu moja ya 2.45, sawa na karibu magnitudo moja katika kipimo cha mng'aro cha wanaastronomia. Chukua vipimo vya SN 1987A, iliyoonekana Februari 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, kuanzia mwezi wa tano hivi baada ya mlipuko. Mteremko wake unaifuata hesabu hiyo kwa karibu mno. Setilaiti ya Solar Maximum Mission, iliyorushwa kuchunguza Jua, ilipokea pia miale ya gamma ya kobalti-56 yenyewe kutoka kwenye mabaki hayo, jambo lililoondoa shaka iliyosalia.

Kwa mabaki ya zamani zaidi tumia titani-44, ambayo nusumaisha yake ni takriban miaka 60. Mwaka 2014 ilichapishwa ramani ya titani hiyo katika Cassiopeia A, mabaki ya nyota ambayo mwanga wa mlipuko wake uliifikia Dunia karne ya 17, iliyotengenezwa kwa darubini ya NuSTAR. Titani ilionekana imetapakaa upande mmoja zaidi ya mwingine, ishara kwamba mlipuko haukuwa wa duara kamili.

Hatua ya pili: juu ya chuma, fuata nyutroni

Nyutroni haina chaji, kwa hiyo protoni za kiini kizito haziisukumi. Kiini kikimeza nyutroni husogea kisanduku kimoja kulia. Kikipata nyutroni nyingi mno hubadilika kwa mbunguo wa beta na kusogea kwa mshazari. Elementi karibu zote zilizo juu ya chuma zilijengwa kwa hatua hizi mbili tu, na tofauti yote iko katika swali moja: je, nyutroni inayofuata hufika kabla au baada ya mbunguo? Ikifika baada, tuna mchakato wa polepole. Ikifika kabla, tena kabla kwa mbali, tuna mchakato wa haraka. Mgawanyo huu uliwekwa bayana mwaka 1957 na Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle, na mwaka huohuo Alastair Cameron akaufikia kwa njia yake.

Mchakato wa polepole haumo katika mlipuko. Hutokea ndani ya nyota majitu mekundu (nyota zilizovimba karibu na mwisho wa uhai wao), ambako kaboni-13 ikikutana na heli hutoa oksijeni-16 na nyutroni moja, na katika nyota kubwa zaidi, ambako neoni-22 hufanya kazi kama hiyo na kuacha magnesi-25. Ushahidi wake ulipatikana mwaka 1952, Paul Merrill alipotambua mistari ya tekneti, yaani alama zinazoitambulisha elementi hiyo, katika mwanga wa nyota za aina hiyo. Tekneti haina isotopi thabiti hata moja, na inayodumu zaidi ina nusumaisha ya takriban miaka milioni 4.2. Nyota zile zina umri mkubwa kuliko huo kwa mbali, hivyo tekneti ile haikurithiwa, inatengenezwa humohumo.

Chukua sasa bati kama zoezi, kwa sababu hakuna elementi yenye isotopi thabiti nyingi kuliko hiyo: zipo kumi, zenye namba masi 112, 114, 115, 116, 117, 118, 119, 120, 122 na 124. Weka kidole kwenye kadimi-114 na ufuate njia ya polepole. Kadimi-114 inameza nyutroni na kuwa kadimi-115, ambayo katika siku mbili na ushei hugeuka indi-115. Hiyo inameza nyutroni na kuwa indi-116, ambayo haidumu hata dakika moja kabla ya kuwa bati-116. Kuanzia hapo endelea kulia: 117, 118, 119, 120, zote ni thabiti. Bati-121 ina nusumaisha ya saa 27 hivi, kwa hiyo njia inapinda na kupanda hadi antimoni-121. Bati-122 na bati-124 zimebaki nje ya njia upande wa kulia. Bati-112, 114 na 115 zimebaki nje upande wa kushoto.

Sasa ingia kwa mchakato wa haraka, ambao huleta viini kutoka mbali upande wa kulia, vikipanda kwa mshazari, mbunguo baada ya mbunguo, mpaka vifikie kiini thabiti cha kwanza na kusimama. Kwenye mshazari wa 116, kiini thabiti cha kwanza ni kadimi-116. Hapo safari huisha, na bati-116 iliyo nyuma yake haipati kitu. Ndiyo maana bati-116, ambayo ni takriban asilimia 14.5 ya bati yote, huhesabiwa kuwa zao la mchakato wa polepole peke yake. Bati-122 na 124, kinyume chake, ndizo za kwanza kupokea kwenye mishazari yao, na karibu zote ni za mchakato wa haraka. Zile za katikati, kuanzia 117 hadi 120, zilipokea kutoka pande zote mbili, na kuzigawanya kunahitaji vipimo vya maabara vya jinsi kila kiini kinavyomeza nyutroni.

Mshazari wa 124 unastahili kutazamwa kwa utulivu kuliko yote. Una viini vitatu: bati-124, teluri-124 na zenoni-124. Cha kwanza kilitoka katika mchakato wa haraka. Cha pili kimekingwa na bati, hivyo ni cha polepole tu. Cha tatu kimekingwa na teluri dhidi ya mchakato wa haraka, na njia ya polepole haikifikii. Kiliundwa katika tabaka za oksijeni na neoni za nyota inayolipuka, ambako kwa joto la kelvini bilioni 2 hadi 3 miale ya gamma huzing'oa nyutroni kutoka kwenye viini vilivyokuwapo tangu awali. Chembe zao ni 124 kila kimoja, na asili zao ni tatu. Viini vya aina hiyo ya tatu ni takriban 35 katika jedwali zima, na ni adimu: zenoni-124 haifiki hata sehemu moja ya elfu ya zenoni yote. Ukitaka zoezi la kujipima, rudia kazi hii kwa mishazari ya 130 na 136 kabla ya kuendelea.

Hatua ya tatu: vilele vinavyokwenda viwili viwili

Ukichora grafu ya wingi wa viini katika mfumo wa Jua dhidi ya namba masi, juu ya chuma utaona vilele vilivyopangwa jozi: karibu na 80 na 88, karibu na 130 na 138, karibu na 195 na 208. Jozi hizi ndizo hoja yenye nguvu kuliko zote kwamba michakato miwili tofauti ilifanya kazi, na ukiielewa hesabu yake hutahitaji kuamini neno la mtu.

Viini vyenye nyutroni 50, 82 au 126 hufungamana kwa uimara wa pekee, na havipendi kumeza nyutroni nyingine. Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963 kwa kueleza sababu. Kila mchakato unapofika kwenye idadi hizo hukwama na viini hurundikana, kama magari yanavyosongamana penye daraja jembamba. Mchakato wa polepole hukwama ukiwa juu ya viini thabiti: protoni 38 na nyutroni 50 ni stronti-88, protoni 56 na nyutroni 82 ni bari-138, protoni 82 na nyutroni 126 ni risasi-208. Hivyo ndivyo vilele vya 88, 138 na 208.

Mchakato wa haraka hukwama kwenye idadi zilezile za nyutroni, lakini ukiwa mbali upande wa kulia, ambako protoni ni chache. Toa 126 kutoka 195: unabakiwa na protoni 69. Kiini hicho, chenye protoni 69 na nyutroni 126, hakiwezi kudumu. Mafuriko ya nyutroni yakikoma, nyutroni zake tisa hugeuka protoni, moja baada ya nyingine, mpaka kinakuwa platini-195, yenye protoni 78 na nyutroni 117. Vivyo hivyo 130 ukitoa 82 ni 48, yaani kadimi-130, ambayo hupanda hatua nne na kuwa teluri-130. Vilele vya mchakato wa haraka viko kushoto mwa vile vya polepole kwa sababu hii pekee.

Dhahabu sasa haina fumbo. Isotopi yake thabiti ni moja, dhahabu-197, na iko kwenye mteremko wa kilele cha 195, pamoja na osmi, iridi na platini. Kwenye mshazari wa 197 hakuna kiini thabiti kinachoikinga, na mchakato wa polepole huiongezea kiasi kidogo tu kupitia platini-197, ambayo nusumaisha yake ni saa 20 hivi. Urani na thori ni rahisi zaidi kuamua. Njia ya polepole huishia kwenye bismuti-209. Nyutroni ikiongezeka hapo hutokea poloni-210, ambayo hutoa kiini cha heli na kurudi kwenye risasi-206. Hakuna namna ya kuvuka pengo hilo polepole. Elementi yoyote nzito kuliko bismuti iliyotoka angani ni ya mchakato wa haraka.

Ni mlipuko upi basi?

Kutoka kiini chenye chembe kama 90 hadi kwenye dhahabu na kuendelea hadi urani kunahitajika nyutroni zaidi ya mia moja kwa kila kiini, tena ndani ya sekunde chache. Tumia kigezo hicho kupima kila mlipuko unaopendekezwa. Katika supanova ya kawaida, upepo unaopulizwa kutoka nyota changa ya nyutroni hupigwa na nyutrino, ambazo hugeuza nyutroni nyingi kuwa protoni. Mahesabu ya sasa yanaonesha kwamba upepo huo huweza kuunda elementi za jirani na stronti, lakini ni vigumu kufika kwenye platini. Supanova zinazozunguka kwa kasi na zenye sumaku kali ni suala jingine, na binafsi sioni sababu ya kuzifuta kwenye orodha.

Ushahidi wa moja kwa moja tulio nao unaelekeza kwenye nyota mbili za nyutroni zinazogongana. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO na Virgo ilipokea mawimbi ya mvutano kutoka mgongano wa aina hiyo katika galaksi NGC 4993, iliyoko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 130, na sekunde 1.7 baadaye ukafika mlipuko wa miale ya gamma. Mwanga uliofuata ulianza ukiwa wa buluu na katika siku chache ukawa mwekundu, mwenendo unaotarajiwa pale elementi nzito zenye mistari mingi ya ufyonzaji zinapozuia mwanga wa buluu. Mwaka 2019 stronti ilitambuliwa katika spektra zake (mwanga uliotenganishwa rangi kwa rangi), na mwaka 2023 darubini ya James Webb iliona dalili za teluri katika mlipuko mwingine wa jamii hiyo, GRB 230307A. Stronti iko kwenye kilele cha kwanza na teluri kwenye cha pili. Utambuzi ulio wazi namna hiyo kwa dhahabu yenyewe bado haujafanyika, na ni vizuri kulikumbuka hilo unaposoma vichwa vya habari.

Idadi ya matukio pia hutoa hoja. Katika galaksi ndogo iitwayo Reticulum II, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016 vilionesha kwamba nyota 7 kati ya 9 zilizochunguzwa zina elementi za mchakato wa haraka kwa wingi usio wa kawaida, ilhali galaksi nyingine ndogo za aina yake karibu hazina. Kama kila supanova ingetoa sehemu yake, galaksi zote hizo zingekuwa na kiasi kinacholingana. Hali hii inaeleweka ikiwa chanzo ni tukio adimu linalotoa kingi kwa mara moja.

Kuhakiki uamuzi wako nje ya jedwali

Njia ya kwanza ni kulinganisha elementi za europi na bari katika spektra za nyota. Katika Jua, zaidi ya tisa ya kumi za europi ni za mchakato wa haraka, na bari nyingi ni ya polepole. Nyota kongwe yenye europi nyingi kwa kulinganisha na bari ilizaliwa kutokana na gesi iliyopata tukio la haraka kabla majitu mekundu hayajapata muda wa kuchangia.

Njia ya pili ni saa ya urani. Leo uwiano wa urani-235 kwa urani-238 ni takriban 0.00725. Nusumaisha zao ni miaka milioni 704 na miaka bilioni 4.47. Ukirudi nyuma miaka bilioni 4.57, hadi mwanzo wa mfumo wa Jua, urani-235 huongezeka mara mbili kwa mara 6.49, yaani ilikuwa mara 90 ya ilivyo sasa, na urani-238 mara 2.03. Zidisha 0.00725 kwa 90 na ugawanye kwa 2.03: unapata 0.32. Mchakato wa haraka unatarajiwa kuunda urani-235 nyingi kidogo kuliko urani-238, kwa hiyo uwiano uliokwishashuka hadi theluthi moja unaonesha kwamba sehemu kubwa ya urani hiyo ilikuwa imeundwa mabilioni ya miaka kabla ya Jua kuwapo.

Njia ya tatu iko chini ya bahari. Katika magamba ya madini yanayokua polepole sakafuni mwa Bahari ya Pasifiki imepatikana chuma-60, ambayo nusumaisha yake ni miaka milioni 2.6, isingeweza kusalia tangu Dunia iumbike, hivyo ilidondoka kutoka kwenye supanova za karibu katika miaka milioni chache iliyopita. Katika magamba hayo hutafutwa pia plutoni-244, zao la mchakato wa haraka lenye nusumaisha ya miaka takriban milioni 80. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kwamba imo, ila kwa kiasi kidogo kuliko ambacho kingetarajiwa kama supanova ndizo zingekuwa chanzo kikuu cha mchakato huo.